Bunduki moja ya zamani yenye historia ya kusini: Mauser 71, Gewehr 98, Lee-Enfield au Vergueiro ya Kireno?

Mwana_Lindi

Wakuu salaam. Kaka yangu ni mkaazi wa Marekani, na huko ni mwanachama wa klabu ya shabaha. Sasa anataka kununua bunduki ya zamani ya kijeshi, moja tu, ya kutunza ndani na ya kwenda nayo kiwanjani. Sharti lake ni kwamba iwe ya aina iliyopita kwetu kusini wakati wa vita vya kwanza. Kanipigia simu akaniambia, "Wewe ndiye uko nyumbani, nichagulie."

Anaweza kupata nne: Mauser ya 1871 inayotumia baruti ya moshi, Gewehr 98, Lee-Enfield ya Mwingereza, na Mauser-Vergueiro ya Mreno ya 1904. Pesa yake inatosha moja. Anaangalia historia, risasi kupatikana, na usalama wake mwenyewe.

Huu si uzi wa kumiliki silaha hapa nyumbani. Huku kuna sheria ya silaha na risasi ya 2015, kibali ni cha polisi, na bunduki za vita si mambo ya raia. Naomba tusitoke nje ya mada.

Mkaazi_wa_Nyangao

Mkuu, hapo umegusa penyewe. Mimi nakaa pembeni ya barabara ya Lindi kwenda Masasi, na Mahiwa ni jirani. Ngoja nikupangie hizo nne kwa namna zilivyopita hapa, maana ukijua mpangilio wake uchaguzi unakuwa mwepesi.

Vita ilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa Mjerumani walikuwa na ile ya 1871. Inapiga risasi moja moja, na baruti yake inatoa wingu jeupe. Ukifyatua mara moja tu kutoka kichakani, adui ameshajua ulipo. Mwezi Novemba mwaka huohuo Mwingereza akashindwa Tanga na kuacha nyuma bunduki mpya za kutosha kampuni tatu na zaidi, bombomu (bunduki za rashasha) 16 na risasi kama laki 6. Kwa hiyo tangu mapema kabisa askari wa Mjerumani walikuwa wanapiga kwa bunduki za Mwingereza. Mauser 98 nyingine zilikuja kwa meli zilizopenya katikati ya manowari za Waingereza, na moja ya meli hizo, Marie, ilitia nanga hapa kwetu Sudi mwezi Machi 1916.

Halafu ikaja Mahiwa, tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Mjerumani, aliwazuia Waingereza, lakini alimaliza karibu risasi zake zote za baruti isiyo na moshi. Alibaki na za ile ya zamani. Hiyo ni sababu mojawapo kubwa ya kuvuka Ruvuma: alikuwa anatafuta risasi na chakula. Tarehe 25 Novemba akavamia kambi ya Wareno pale Ngomano, Lugenda inapoingia Ruvuma, akapata bunduki zao mamia na risasi laki 2 na nusu. Askari wakatupa za Kijerumani.

Mwaka mmoja baadaye, siku ileile ya 25 Novemba, walisalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia. Bunduki zilizohesabiwa zilikuwa 1,071, za Kiingereza na za Kireno. Jeshi la Mjerumani lilimaliza vita likiwa halina bunduki ya Kijerumani mikononi.

Kwa hiyo kaka yako akitaka historia ya kusini kweli, Gewehr 98 aiweke mwisho wa orodha, hata kama ndiyo watu wengi wanaikimbilia. Mimi nachagua Lee-Enfield. Hiyo ilibebwa na pande zote mbili: KAR (King's African Rifles, askari Waafrika wa Mwingereza), Wanaijeria na Wahindi upande huu, na askari wa Lettow upande ule.

Kilwa_Matumbi

Naheshimu maelezo ya mkuu wa Nyangao, ila kwa nini historia ya kusini inaanzia 1914? Majimaji ilianzia kwetu Nandete mwaka 1905. Bunduki iliyowapiga babu zetu waliokuwa na magobore, mikuki na dawa ya maji ni hiyohiyo ya 1871. Hizo nyingine tatu hazikuwa mikononi mwa askari weusi wa Mjerumani wakati ule. Nyangao yenyewe misheni iliteketezwa mwaka huo, na boma la Liwale likaanguka.

Mimi namwambia kaka yako achukue ya 1871. Aining'inize ukutani na aandike chini yake Nandete, Liwale, Songea. Watoto wake wanaokulia ughaibuni wakiuliza, awaeleze.

Kuna faida nyingine pia. Sheria ya serikali kuu ya Marekani haihesabu kama silaha ya kawaida bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla, kwa hiyo karatasi zake ni chache. Aangalie tu sheria ya jimbo lake, maana majimbo yanatofautiana.

Fundi_Mitengo

Salaam wote. Nimestaafu jeshini, kazi yangu ilikuwa ufundi wa silaha. Historia nawaachia nyinyi, mimi nataka kijana aendelee kuwa na macho yake mawili.

Mwana_Lindi, mwambie kaka yako bunduki hainunuliwi kwa kuangalia mbao. Mbao inasuguliwa na kupakwa mafuta ikang'aa, huku ndani ya mtutu kumeliwa na kutu. Achomoe bolti, apitishe kitambaa kikavu, kisha amulike kwa taa kutoka nyuma. Mifereji ionekane ina kingo kali mpaka mwisho. Weusi kidogo unavumilika, mashimo kama ya mchwa hapana. Halafu akague mdomo wa mtutu. Askari wengi walisafisha kwa fimbo ya chuma kutokea mbele, na ile fimbo husaga mdomo polepole. Mdomo ukishaliwa upande mmoja, shabaha imekwenda, hata kama kwingine kote ni kuzuri.

La pili ni nafasi kati ya uso wa bolti na kitako cha risasi ikiwa imekaa chumbani. Nafasi ikizidi, ganda linavutika na linaweza kupasuka, na gesi ikarudi usoni kwa mpigaji. Hakuna jicho linaloweza kupima hilo. Kuna geji zake, na fundi yeyote wa silaha huko Marekani anazo. Asifyatue hata risasi moja kabla haijapimwa, iwe ya nchi gani. Namba za bolti na za mwili wa bunduki zikilingana ni dalili nzuri, ila hazichukui nafasi ya geji.

La tatu ni risasi zenyewe. Risasi za zamani za kijeshi, hasa za Urusi na nchi rafiki zake, nyingi fataki yake (kile kiwashio cha kwenye kitako cha risasi) inaacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo inavuta unyevu, na kwa hewa kama ya Mikindani asubuhi unakuta wekundu. Mafuta peke yake hayaitoi. Inatolewa kwa maji ya moto, mtutu unakaushwa vizuri, ndipo mafuta yanafuata. Ile ya 1871 ni hivyohivyo kila ukiipiga, kwa sababu ya uchafu wa baruti nyeusi. Na kwa hiyo ya 1871 nasisitiza: baruti nyeusi tu. Akitia baruti ya kisasa kwa kukadiria, chuma cha wakati ule hakitamvumilia.

Mtwara_Tampere

Mzee wa Mitengo, shikamoo, umeongea kitu kizima. Mimi ni wa Mtwara ila niko Finland, na huku tunapiga hizi bunduki kihalali kwenye viwanja. Nimeshika Lee-Enfield na Mauser, kwa hiyo niseme zinavyokuwa mkononi.

Mauser ni imara na inalenga vizuri sana, ila bolti yake ndefu na magazini ni ya risasi 5. Lee-Enfield ina magazini ya 10, bolti yake inateleza na safari yake ni fupi, huhitaji kuondoa kitako begani. Askari wa Kiingereza kabla ya vita walipimwa kwa risasi 15 ndani ya dakika moja kwenye shabaha ya yadi 300, na ukiishika utaelewa kwa nini iliwezekana. Jambo la kuzingatia ni kwamba ganda la risasi yake, .303, lina ukingo unaotokeza kwenye kitako. Ukingo wa risasi ya juu lazima utangulie mbele ya wa ile ya chini. Ukipanga kinyume zinakwama, na kwenye mstari wa shabaha inaudhi.

Kwa risasi, .303 mpya zinatengenezwa mpaka leo, Prvi Partizan wa Serbia na Sellier & Bellot wa Ucheki wanazo. Za Mauser 98 pia zipo.

Na kwa nini Mosin-Nagant ya Mrusi haimo? Zimetengenezwa zaidi ya milioni 37, nimewahi kuona Wamarekani wakizinunua chini ya dola 100.

Mkaazi_wa_Nyangao

Mosin ni bunduki nzuri lakini sharti la kaka mtu ni vita vya kwanza kusini, na Mosin haikuwepo. Tukiingiza za Kirusi itabidi tuzungumzie enzi za ukombozi na kambi ya FRELIMO Nachingwea, na hapo hata SAR tuliyokwata nayo JKT itadai nafasi yake. Huo uwe uzi mwingine, na nitauchangia kwa moyo wote.

Bei hiyo ya chini ya dola 100 imeshapita, mkuu.

Shangazi_Newala

Wanangu, nimesoma yote. Mnataja tarehe na namba za bunduki, na hakuna aliyemtaja aliyezibeba.

Hiyo meli ya Sudi mnayoisema ilileta mizinga, maelfu ya bunduki na mamilioni ya risasi. Pale Sudi hakukuwa na reli wala gari. Vyote viliondoka ufukweni vichwani na mabegani mwa watu wetu, kilo 25 au 30 kila mtu, na mizinga ikavutwa kwa kamba. Mwingereza alipofika Lindi na Mikindani Septemba 1916 naye akachukua wapagazi. Huku kwenye uwanda wa Makonde watu walikimbilia vichakani, wakarudi wakakuta ghala tupu, na njaa ikaingia. Babu yake mama yangu alichukuliwa hivyo. Alirudi, nduguye hakurudi, na kaburi lake halijulikani liko upande gani wa Ruvuma.

Simkatazi kijana wa watu kununua. Anunue. Lakini akiandika karatasi ya kuweka chini ya hiyo bunduki, mstari wa kwanza uwe wa wapagazi.

Mwana_Lindi

Shikamoo shangazi. Nimemsomea kaka maneno yako kwenye simu, neno kwa neno. Amesema mstari wa kwanza utakuwa huo.

Kilwa_Matumbi

Shangazi, ahsante. Hapo umetuweka sawa wote.

Mikindani_Boma

Vergueiro imesahaulika na mimi ndiyo naipenda kuliko zote. Ilitengenezwa Berlin, na kiwanda cha DWM, kwa ajili ya Mreno. Kwa hiyo zile walizozichukua Ngomano zilikuwa zinarudi kwa jeshi la nchi iliyozitengeneza! Bolti yake ni laini ajabu na risasi yake ya milimita 6.5 haipigi bega sana.

Tatizo ni kwamba nyingi zilibadilishwa mtutu miaka ya 1930 mwishoni ili zipige risasi ya Kijerumani ya 7.92. Akipata iliyobadilishwa, risasi zipo lakini historia imepungua. Akipata ya asili, risasi ya 6.5x58 haipatikani madukani, anayeipiga hujitengenezea mwenyewe kutoka kwenye maganda mengine. Pia si kila Mreno alikuwa nayo, wengine walibeba Kropatschek za 1886. Kwa mtu wa bunduki moja, na ya kwanza, mimi mwenyewe ninayeipenda simshauri.

Fundi_Mitengo

Mkuu wa Mikindani kasema kweli. Niongeze kuhusu Gewehr 98, kama bado anaifikiria: asiichanganye na ile ya 1888. Risasi za kizazi cha kwanza zilikuwa na kipenyo cha inchi .318, na za kuanzia 1905 ni .323. Kusukuma risasi nene kwenye mtutu mwembamba ni hatari. Na mtu akimuuzia bunduki kwa bei kubwa kwa sababu ina muhuri wa jeshi la Afrika Mashariki, awe na mashaka. Mihuri inaghushiwa kirahisi.

Kwangu mimi ni Lee-Enfield, na iwe ile fupi ya mfano wa Mk III. Maganda yake asiyajaze upya mara nyingi. Vyumba vya .303 vilichongwa kwa nafasi ili risasi iingie hata ikiwa na tope la mahandaki, kwa hiyo ganda linavutika karibu na kitako na hatimaye kukatika.

Na nyinyi mlioko huku: kuna wanaolima Mahiwa, Narungombe na kando ya Ruvuma. Jembe likigonga risasi au kombora la zamani, usilifukue, usilipeleke kwa muuza chuma chakavu. Weka alama mbali kidogo, toa taarifa polisi. Baruti ya miaka mia moja haijafa.

Mtwara_Tampere

Nakubaliana na Mk III. Ila asichukue No. 4 kwa makosa, hiyo ni ya vita vya pili. Wauzaji wengi wanaandika "Lee-Enfield" tu bila kufafanua.

Mwana_Lindi

Wakuu, nimeongea na kaka. Ya 1871 imemgusa sana, ila anataka ya kupiga, na kutengeneza risasi za baruti nyeusi bado hajui. Ameamua Lee-Enfield Mk III, ya kabla ya mwisho wa 1917 akibahatika. Ya 1871 ataitafuta baadaye kwa ajili ya ukutani, Kilwa_Matumbi. Mwisho wa wiki anakwenda kuangalia moja. Amwambie muuzaji amwonyeshe nini kwanza?

Fundi_Mitengo

Ukosi wa chuma pale kitako kinapoanza, upande wa kulia. Atakuta taji, herufi za mfalme, kiwanda, mwaka, na chini yake SHT.L.E. na aina. Iliyoandikwa III ya miaka ya mwanzo ina kipande cha chuma kinachofunga magazini ili upige moja moja. Kwenye III yenye nyota, ya kuanzia 1916, kipande hicho kiliondolewa ili kazi ya kiwandani iende haraka. Zote mbili zinafaa.

Halafu aombe ruhusa ya kuchomoa bolti. Muuzaji akikataa, aondoke.