MJADALA: Kanisa lisilo na watu wa kuwafuatilia waliookoka liahirishe mkutano wa injili, mnasemaje?

Wapendwa Bwana asifiwe, na wakuu wengine wote habari zenu, wakubwa zangu shikamoni. Naomba tulijadili hili bila kutukaniana madhehebu.

Hoja yangu ni moja tu. Kanisa ambalo halijapanga nani ataenda nyumbani kwa mtu aliyeokoka jana, lisifanye mkutano wa injili. Liahirishe. Hata kama jukwaa limeshalipiwa na mhubiri kashakata tiketi.

Mimi si mchungaji wala sina huduma yoyote, nimekaa tu kwenye kamati za mikutano huku Kanda ya Ziwa, na kazi yangu ilikuwa ile isiyopigiwa makofi. Nakaa pembeni ya jukwaa na kaunta buku, mhubiri akishaita watu wanakuja mbele, wanaongozwa sala ya toba, halafu wanasogezwa kwetu tuwaandike jina, namba ya simu na wanapokaa. Vumbi, giza, jenereta linanguruma, kwaya ishaanza tena kuimba kwa hiyo mtu unamuuliza jina mara tatu, unaandikia gotini na tochi ya simu umeibana kwa meno. Kwenye mkutano mmoja tulifunga wiki tukiwa na majina 214. Jumapili mchungaji akatangaza ile idadi, kanisa zima likalipuka vigelegele, na mimi nikiwemo.

Halafu buku likaenda kukaa kwenye kabati la ofisini chini ya bahasha za sadaka ya ujenzi.

Miezi 3 baadaye nimetumwa nikatafute risiti ya kukodi vyombo, nikalikuta. Sijui nini kilinipata, nikavuta kiti nikaanza kupiga simu, kwa salio langu. Namba nyingi hazipatikani, nyingine naona kabisa nilikosea mwenyewe kuandika, waliopokea wengi wananiuliza "mkutano upi tena huo?" Ila kuna mama mmoja, pale kwenye anapokaa nilimwandikia "nyuma ya mashine ya kusaga", huyu alipokea, nikajitambulisha, akanyamaza kidogo halafu akasema, "Mwanangu si mlisema mtakuja. Mimi Jumatatu nilifagia uwanja, na Jumanne nikafagia tena."

Sikuwa na la kujibu, nikamwambia tutakuja mama.

Sasa niwaambie bajeti ya ule mkutano. Jukwaa, vyombo, jenereta, gari la matangazo, mabango, hoteli ya mhubiri na watu aliokuja nao, chakula cha wanakwaya, ilifika milioni 9 na ushee. Kufuatilia waongofu wapya kulikuwa ni mstari wa mwisho kabisa kwenye karatasi, elfu 80 za kutoa kopi vipeperushi, na hata hiyo elfu 80 siku ya kufunga mafuta ya jenereta yalikata ikatumika huko. Nakumbuka vizuri sababu ni mimi niliyeipeleka sheli.

Kila mkutano ukifunguliwa inasomwa Mathayo 28, enendeni, enendeni, amina, tunaishia hapo kwenye kwenda. Ukiendelea kusoma agizo ni kuwafanya watu kuwa wanafunzi, kuwabatiza, na kuwafundisha kuyashika yote aliyoamuru. Waliosoma Kigiriki wanakwambia kitenzi kinachobeba ile sentensi ndo hicho cha kufanya wanafunzi, kwenda kunaning'inia tu pale pembeni. Na ni kuyashika jamani, kuyasikia kwenye spika mtu anaweza akiwa zake gengeni anachagua nyanya.

Na tusisingizie kwamba kwetu haiwezekani. Wale Wamisionari wa Afrika, shirika la mapadre wa Kikatoliki lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie, waliwekewa sheria ya miaka 4 ya mafundisho kabla mtu hajabatizwa, na hao ndo wangekuwa na sababu ya kuharakisha maana Ulaya walikuwa wanasubiri idadi. Njoo kwenye Uamsho wa Afrika Mashariki, ule wa Waprotestanti ulioanzia Gahini Rwanda miaka ya 1930 ukaingia Uganda, ukafika Bukoba na Kenya. Haukukodi vyombo. Watu walikuwa wanakutana vikundi vidogo, mtu anaungama mbele ya wenzie, aliyeiba anarudisha alichoiba, wanaambiana ukweli mpaka wanalia. Ule moto ulikuwa wa watu wanaojuana majina.

Nimemaliza, nirushieni mawe.

Chuma cha Pua: Mleta mada una pointi ila hitimisho lako ni hatari. Mimi niliokoka kwenye mkutano kama huo huo, nilikuwa mpiga debe stendi, nimelewa, nimepita pale kuangalia kwaya tu. Hakuna aliyenifuata, hata jina langu sidhani kama liliandikwa, Jumapili nikaoga nikajipeleka mwenyewe, leo mwaka wa 11 sijagusa pombe. Sasa ungeahirisha wewe na kamati yako mi ningekuwa wapi? Mkulima hasubiri ghala liishe kujengwa ndo apande, mvua ikinyesha anapanda.

Mleta mada: Mkuu ushuhuda wako sina ubishi nao, Mungu azidi kukushika. Ila wewe ndo umejipeleka, na ndo maana upo hapa unasimulia. Wale ambao hawakujipeleka hawana pa kusimulia, hilo ndo tatizo la shuhuda, tunawasikia waliofika tu. Halafu kwenye mfano wako wa shamba mi sijagusa ghala, nimeulizia palizi.

Katekista wa Kigango: Tumsifu Yesu Kristo. Nacheka, sababu hicho unachokitaka sisi Wakatoliki tunacho kwenye karatasi toka 1976, maaskofu wa AMECEA, yaani umoja wa maaskofu Wakatoliki wa nchi zetu hizi za Afrika Mashariki, walipoamua jumuiya ndogo ndogo ziwe ndo kipaumbele, nyumba chache za jirani zinakutana kila wiki, zinasoma neno, zinajuana. Safi kabisa. Sasa njoo Jumamosi saa 12 asubuhi kwenye jumuiya yangu. Akina mama 9, mzee mmoja, na watoto wanaosinzia. Injili inasomwa, kimya kidogo, mtu mmoja anatafakari, dakika 10 imeisha. Halafu linafunguliwa daftari la michango, hapo sasa ndo dakika 40, tegemeza, ujenzi wa nyumba ya masista, rambirambi, zawadi ya daraja ya padre. Ukiuliza kwa nini watu wanakuja, wengi wanakuja kwa kuogopa kufa, maana bila kujulikana jumuiya mazishi yako yanakuwa na maneno mengi. Kwa hiyo ndugu usidhani ukishavunja jukwaa ukaingia sebuleni mambo yamepona, daftari litakufuata hukohuko. Na watoto wa kipaimara sitaki hata kuanza, wakishapakwa krisma na keki ikakatwa wameshahitimu, unakutana nao tena siku ya harusi.

Chuma cha Pua: Hapo kwenye kipaimara Walutheri nao wapo, miaka miwili ya kukariri "maana yake ni nini?" halafu suti, pikapu ya muziki, kwaheri 😂

Mama Mapacha: Naomba niwaulize wanaume mliojaa humu. Mnaposema "kanisa" liende nyumba kwa nyumba mnamaanisha nani? Mnamaanisha sisi. Mi ndo naenda. Na nikienda siendi na kipeperushi, naenda na sukari nusu na mche wa sabuni, maana mwaka jana nilimfuata dada mmoja aliyeokoka, nikafungua Biblia pale mlangoni, mtoto wake akaja akamnong'oneza mama njaa. Nilifunga Biblia. Tulienda dukani kwanza. Sasa huo mstari wa elfu 80 hata ungebaki ungefanya nini? Mtu anaokoka akiwa na deni la vikoba, mume kamkimbia, ada ya mtoto, na sisi tunampa ratiba ya masomo 12 ya kukulia wokovu. Ndo maana wanaenda kwa manabii. Wale watu 20 waliokufa Moshi Februari 2020 wakigombania kukanyaga mafuta ya upako, mitandaoni watu waliwaita wajinga, mi sikuwaita hivyo, nadhani wengi wao walikuwa na makanisa yao ambako walisubiri mtu awatembelee wakachoka.

Mleta mada: Mama umenipiga pabaya, nimekaa kimya nimesoma mara mbili.

Mpwani wa Kilifi: Nawasalimu kutoka Kenya. Niwatie pilipili kidogo. Nyote mwaongea kana kwamba kumjua mtu kwa jina na kumfuata hadi kwake nyumbani ni dawa isiyo na sumu. Hapa kwetu tulikuwa na Shakahola. Mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 kule msituni, watu waliofunga hadi wakafa wakiambiwa wanaenda kumuona Yesu, na watoto wao ndani. Wale hawakuachwa kwenye kaunta buku. Walifundishwa kweli kweli, wakauza mali, wakatoa watoto shule, wakahama na mwalimu wao, wakayashika yote waliyoamriwa. Huo si uanafunzi? Mimi mkutano wa uwanjani ningalau naona faida moja, polisi wapo, majirani wapo, kila mtu asikia kinachosemwa. Chumbani hakuna anayesikia. Rwanda sheria yao ya 2018 yataka mchungaji awe na digrii ya teolojia, watu walilalamika sana, mimi sikulalamika.

Chuma cha Pua: Digrii! Petro angekosa kibali mapema sana. Na waongo wenye digrii tunao tele.

Mleta mada: Mpwani asante, hili sikuwa nimelifikiria hivyo na lazima nirekebishe hoja yangu. Kwenye digrii sipo na wewe, kule vijijini mwinjilisti wa darasa la saba ndo anazika, anapatanisha ndoa na anafundisha watoto, ukimwondoa hakuna anayebaki. Ila kwenye la chumbani upo sahihi. Kwa hiyo niseme hivi, wa kumfuatilia mtu wawe wawili, na wasitoke familia moja, na huyo mtu aambiwe tangu siku ya kwanza kwamba akitaka kuacha au kwenda kusali kwingine anaenda kwa amani na salamu anapewa. Mwalimu asiyeruhusu mwanafunzi wake amuulize mtu mwingine, huyo akimbiwe. Ila mkutano bado nasema uahirishwe, na zile milioni 9 nusu yake iende kwa akina Mama Mapacha, ya sukari na nauli, na wasiombwe risiti kama vile wameiba.

Katekista wa Kigango: Kamati yako itakufukuza.

Mleta mada: Kikao ni Jumapili hii baada ya ibada ya pili. Mkutano mwingine wameshaupangia Agosti.

Mama Mapacha: Mdogo wangu swali dogo tu, umelikwepa toka juu. Yule mama wa mashine ya kusaga, mlienda?

Mleta mada: Bado dada. Ni wiki ya sita toka nimpigie.

Mama Mapacha: Ni mbali?

Mleta mada: Bodaboda ni buku.