Linux ni bure, Linux ni huria... basi mje mnifungulie hii redio ya gari!

Bandugu, leo sisalimii sana, nina hasira. Kila mtu akiuliza humu habari ya kompyuta kuukuu au redio ya gari, hawakosi wakubwa wawili watatu wa kujibu kwa mkato: "Weka Linux, ni huria." Linux ni mfumo wa kuendeshea kompyuta, na huria maana yake kila mtu anaruhusiwa kuusoma na kuubadilisha. Haya, njooni mezani kwangu, soko la mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, Kongo, muuone huo uhuru.

Kijana mmoja wa teksi aliniletea gari iliyotoka Japani, ikashukia Dar es Salaam, ikaingilia mpaka wa Kasumbalesa. Betri ilikufa, akatia mpya. Tangu siku hiyo kioo cha dashibodi kinaonyesha mistari miwili ya Kijapani na visanduku vya kujazia namba ya siri, basi. Namba anayo nani? Labda mwenye gari wa kwanza, huko Japani.

Nikafungua kitabu cha gari. Kurasa za mwisho, katikati ya herufi nisizozijua, nikakuta maneno ninayoyajua kama jina langu: Linux, GPL, 2, yaani leseni ya Linux, toleo la pili. Nilifurahi kama mjinga! Nikaandikia anwani iliyokuwa pale (kampuni sitaitaja, sitaki kesi) nikaomba msimbo chanzo, yaani maandishi ambayo programu inajengwa kwayo. Jibu likaja baada ya wiki tano, na kiungo cha kupakua. Nimemaliza mega za wiki nzima, tena usiku, maana mchana umeme hamna. Ndani mna nini? Kerneli (kiini cha Linux) na maktaba chache za vipande vya programu. Programu inayouliza namba ya siri haimo. Na hata nikiijenga kerneli upya, kile kifaa kinakagua kwanza saini ya kidijitali ya programu kabla ya kuwaka. Pasipo saini ya kiwandani kinakataa.

Na hapo ndipo roho inaniuma: hawakuvunja sheria yoyote. GPL 2 ni ya mwaka 1991, inadai utoe msimbo. Habari ya kumpa mteja na funguo za kuurudisha msimbo ndani ya kifaa ililetwa na GPL 3 mwaka 2007, na kerneli ya Linux ilibaki na ile ya 2. Kwa hiyo uhuru ni wa aliyetengeneza. Yeye alichukua bure, akajenga, akafunga mlango, akanipa mchoro wa kufuli.

Msiniambie nimeanza Linux jana. Nina netibuku (laptopu ndogo) ya prosesa Atom N270 ya biti 32, ile aina ya zamani, RAM giga moja, kioo cha inchi 10. Mwaka 2010 niliitia MeeGo 1.0, aina mojawapo ya Linux, na nasema kweli, sijaona tena kitu chepesi namna ile kwenye mashine ndogo. Intel walikuwa na Linux yao Moblin, Nokia wana yao Maemo, Februari 2010 wakaziunganisha kuwa MeeGo. Ilikuwa iingie kwenye netibuku, simu na magari. Hata GENIVI, ule muungano wa kampuni za magari, waliichagua mwaka huohuo. Tukaambiwa ndiyo mambo yote. Februari 2011 Nokia wakaiacha, wakahamia kwa Microsoft. Septemba Intel wakatangaza mfumo mwingine, Tizen, pamoja na Samsung, na sisi tuliobaki na MeeGo tukabaki kama abiria walioshushwa njiani usiku. Mwaka mmoja na nusu tu!

Nikahamia Linux za aina nyingine, nikavumilia. Ubuntu wakaacha kutoa diski ya mashine za biti 32 kama yangu mwaka 2017. Nikakimbilia Debian. Agosti 2025 Debian 13 imetoka, nayo haisakinishwi tena kwenye mashine za biti 32. Najua, antiX ipo, Linux nyepesi ya mashine kuukuu, msiniandikie antiX, ndiyo ninayoitumia kuandika hapa. Lakini mzigo wa kuhamahama ni wangu, si wa hao wanaosema "weka Linux".

Jana kijana wa teksi amerudi. "Papa fundi, si ulisema hii kitu iko Linux, na Linux haina mwenyewe?" Nilikosa la kumjibu. Amenunua kaspika kadogo ka Bluetooth, amekabandika kwa gundi juu ya kile kioo kilichokufa, na abiria wanasikia muziki. Mimi hajanilipa hata faranga, na siwezi kumdai.

Sasa nauliza wenye mikono, si wenye midomo: nani hapa amewahi kufungua redio ya Kijapani iliyoomba namba baada ya kubadilisha betri, bila kuichomoa chipu ya kumbukumbu? Aeleze hatua kwa hatua, na aina ya gari. Atakayeandika "Linux ni huria" nitamtumia hiyo redio kwa basi, nauli alipe yeye.