Chumba cha ubavuni kimegoma kurudi ndani

Swali: Wakuu, nina gari la makazi (la kulala na kupika ndani); chumba cha kutokeza, yaani sehemu ya ubavuni inayosukumwa nje kuongeza nafasi, kiko nje na swichi haifanyi kitu. Nakirudishaje kwa mkono?

Jibu: Pima betri kwanza, na upime huku mtu amebonyeza swichi. Ikishuka sana chini ya volti 12, tatizo ni betri au waya wa ardhini (unaounganisha betri na fremu ya gari) wenye kutu. Kagua fyuzi pia.

Jibu: Kama ni mota moja yenye gia chini ya fremu, nyuma ya mota kuna mkono mdogo wa breki. Uachie kabla ya kuzungusha chochote, la sivyo utakata pini au kuvunja meno ya gia. Halafu tafuta ncha ya mhimili wa kuzungushia chumba, tia mpini wake au racheti na soketi, uende taratibu. Ikikaza ghafla simama, kagua droo, zulia na mpira wa kuziba. Ukimaliza RUDISHA BREKI! Bila hiyo chumba kinaweza kujitokeza nje ukiwa safarini.

Jibu: Nyongeza: kama ni mota mbili ndani ya kuta, hakuna mpini. Chomoa plagi za mota zote, watu wasukume ncha zote mbili kwa pamoja. Upande mmoja ukitangulia kinakwama. Kisha chomeka tena na uweke kizuizi kisitoke. Haidroliki (chumba kinachosukumwa kwa mafuta ya pampu) ni habari nyingine: hufunguliwa valvu kwenye pampu, fuata maelezo ya pampu yako.