Mjadala: Sisi Wakristo, Mungu wetu ni mmoja au watatu?

Muyeye (mleta mada): Tumsifu Yesu Kristo, na wasiosema hivyo, salaam aleikum. Jirani yangu, tunayepelekeana futari na pilau ya Krismasi, aliniuliza jana barazani: "Kama Mungu ni mmoja, mbona mwahesabu watatu?" Nikampa mfano wa katekisimu: maji, barafu, mvuke. Akacheka. "Barafu ya boksi la samaki ikiyeyuka, barafu haipo tena. Basi Yesu alipokuwa duniani, mbinguni alibaki nani?" Nikakosa jibu. Sasa nauliza hadharani: Utatu, yaani Mungu mmoja katika nafsi tatu, Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, unateteka kwa Kiswahili hiki chetu, au tunajifurahisha tu?

Shela: Waaleikum salaam. Jirani yako hakukosea. Sisi Waislamu twasoma katika sura ya Ikhlas ya Kurani, "Hakuzaa wala hakuzaliwa," yamekwisha. Neno Utatu, toka Mwanzo hadi Ufunuo, halimo. Fundisho lenyewe lilipitishwa na maaskofu kwenye mtaguso wao wa Nikea mwaka 325, na Mungu hapigiwi kura.

Maweni: Mbona mwang'ang'ania "mwana"? Mwananchi hakuzaliwa na nchi, wala mwanamaji na maji. Hawe wangu, yaani bibi yangu, Mgiriama asiyejua kusoma, asingebabaika na hilo.

Barani: Nimefundisha Kiswahili miaka mingi, nivumilieni.

Shela ndugu yangu, neno halimo, kweli. Hata neno tauhidi lenyewe halimo katika Kurani, na hakuna anayesema Waislamu waliuzua umoja wa Mungu. Jina huja baada ya imani. Na Nikea hawakukaa kuamua Mungu ni wangapi. Kulikuwa na Ario, padri wa Aleksandria, aliyefundisha kwamba Mwana ni kiumbe. Wakamjibu kwa maneno ambayo Wakatoliki husali Jumapili: "aliyezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba." Habari za Roho Mtakatifu zikaelezwa zaidi kwenye mtaguso wa Konstantinopoli mwaka 381.

Muyeye, mfano wa maji utupe baharini. Huo ni uzushi wa Sabelio, karne ya 3: Mungu mmoja anayebadili sura, leo Baba, kesho Mwana. Kanisa liliukataa zamani, na ajabu ni kwamba makatekista bado wanaufundisha. Soma Mathayo 3: Yesu yumo mtoni, Roho anashuka kama hua, sauti inatoka mbinguni, yote kwa wakati mmoja. Jirani yako alimshinda Sabelio. Utatu wenyewe hajaugusa.

Taabu yetu kubwa ni neno *nafsi*. Mtu akisema "nafsi yanisuta," anasema juu ya undani wake. Ukimwambia "nafsi tatu," anaona watu watatu wamekaa mkekani, na hana kosa. Lakini shuleni tunafundisha mimi, wewe, yeye: nafsi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hapo nafsi haitaji kitu, inataja nani anasema na nani. Baba ni Baba kwa sababu ana Mwana. Ukiuliza Mungu ni nini, jibu ni moja. Ukiuliza ni nani, ndipo majina matatu yanakuja. Hata wa kale walisumbuka: Wagiriki walisema hipostasi, Walatini persona, neno lililotaja pia kinyago cha mwigizaji, na kila upande ukamshuku mwenzake.

Shela: Mwalimu, umesema vizuri, ila umemkimbia Maweni. Kama "mwana" ni kama mwananchi, mbona Kanuni yenu ya Imani, hiyo ya Jumapili, yasema *aliyezaliwa*?

Barani: Hapo umenishika. Mwananchi hatoshi, Maweni unisamehe. Twasema amezaliwa kweli, ila pasipo mke, pasipo siku ya kuzaliwa, kama mwanga na jua: hapakuwa na saa jua lilikuwapo bila mwanga. Kwamba Mungu alioa akazaa, hilo twalikana pamoja nanyi.

Shela: Basi nakubali hamsemi miungu mitatu. Kwamba mnachosema chaeleweka, bado. Lakini tunazungumza kwa heshima kuliko wageni wa zamani. Mmisionari Francis Xavier alipopita hapa Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, mzee wa mji alimlalamikia kwamba katika misikiti 17 ni mitatu tu inayosaliwa. Mtu anakufungulia moyo, nawe wamwambia Mungu anachukizwa na sala zake!

Barani: Aliandika hivyo mwenyewe. Silitetei.

Muyeye: Leo nitaanza na "ni nini" na "ni nani." Barafu nawaachia wavuvi.

Maweni: Kabla hujaenda barazani. Krapf na Rebmann walifungua misheni Rabai mwaka 1846. Wazee wetu walikuwa wakimwomba Mulungu mvua kabla ya hapo, hawajasikia habari za Nikea wala za nafsi. Walikuwa wakimwomba nani? Mwalimu? Shela?