MREJESHO: Oili ya giaboksi ya DSG (otomatiki ya Volkswagen), VW Golf ya gia 6

Wakuu, niliuliza kama DSG ya klachi mbili zinazoogelea kwenye oili (DQ250) isubiri mpaka ianze kugonga ndipo ihudumiwe. Jibu ni hapana: oili na filta kila kilomita 60,000. Kwa gari linalopanda mlima Nyang'oro (barabara ya Iringa–Dodoma) nyuma ya malori kwa mwendo wa kutambaa, mimi ningefanya 50,000, maana klachi zikiteleza muda mrefu oili inaungua.

Kazi imefanyika Dodoma mjini. Ukifungua bolti ya chini oili hutoka kidogo tu. Ndani kuna kibomba cha kupimia levo, nacho lazima kitolewe kwa alleni ya 8. Mafundi wengi wanakisahau, oili chafu inabaki. Filta iko juu, kifuniko chake spana 24, weka na oringi mpya.

Rudisha kibomba, jaza lita 5.2 hivi za oili ya DSG. ATF (oili ya giaboksi za otomatiki) ya kawaida usiguse. Washa injini, pitisha gia zote ukishikilia breki, rudi P (paki). Fungua ile bolti ya chini injini ikiunguruma, oili ikiwa nyuzi 35 hadi 45, kwa kusoma kwenye mashine ya kupima gari (skana). Ikianza kudondoka tone tone, funga.

Joto letu ndilo mtego: fanya alfajiri, gari limelala. Ikipita 45 oili imetanuka, inamwagika nyingi, unabaki na upungufu.

Wenye DSG ya DQ200 ya gia 7, klachi kavu (hazimo kwenye oili), hii haiwahusu.