Pampu gani ya kuzungusha maji kwa tangi dogo la matumbawe, lita 84? Nko South B

klauni_wawili
Habari zenu wadau. Nina tangi la maji chumvi, sentimita 60 kwa 40 kwa 35, yaani lita 84 kabla ya mawe na mchanga. Ndani kuna samaki klauni wawili, konokono, zoa (matumbawe madogo laini) na yale matumbawe ya uyoga, vipande nilipewa na jamaa anayeyakuza kwake. Sai maji yanazungushwa na filta ya kuning'inia peke yake, lita 500 kwa saa, na nikichungulia nyuma ya mawe naona uchafu umelala pale na kuna utando mwekundu unatambaa kwa mchanga. Bajeti ni Ksh 12,000, nikijikaza 15,000. Baadaye nataka kuongeza matumbawe ya hama na tochi kwa hivyo sitaki kununua pampu mara mbili. Nichukue ya lita ngapi, na ni moja ama mbili ndogo? Halafu binamu yangu ako Marekani na anakuja Desemba, amesema nimwambie tu ninachotaka. Na stima kwetu hupotea usiku, hilo linanipa wasiwasi kuliko yote.

mzee_wa_chumvi
Karibu sana. Watu wengi hupiga hesabu ya ujazo wa tangi mara kadhaa kwa saa. Matumbawe laini yanaridhika na mara 10 hadi 20, hama na tochi 20 hadi 30, yale magumu ya matawi madogo ndio yanataka 40 kwenda juu. Kwako mara 20 ni lita 1,680, mara 30 ni 2,520. Tafuta inayofika kama 2,500 lakini iwe unaweza kuipunguza, na hilo la kupunguza kwangu ndilo lina uzito kuliko namba yenyewe, juu zoa na uyoga ulio nao sai hautapenda 2,500 yote. Filta usiihesabu, mkondo wake ni mwembamba na unapita juu juu tu.

Huo utando mwekundu pampu pekee haitaumaliza. Unyonye kwa mpira ukibadilisha maji na upunguze chakula.

fundi_wa_luthuli
Boss kabla binamu hajalipa chochote asome kibandiko cha nyuma. Marekani ni volti 120 na hezi 60 (mizunguko ya stima kwa sekunde), sisi ni 240 na 50. Ukichomeka pampu ya AC ya huko, yaani inayotumia stima ya ukutani bila adapta, moja kwa moja utaichoma. Kuna watu watakwambia weka tu transfoma, lakini transfoma inabadilisha volti, hezi haigusi, na mota za hizi pampu ndogo huzunguka kufuata hezi, kwa hivyo hapa itazunguka sehemu tano kwa sita ya kasi yake. Mwambie alete ya DC yenye adapta imeandikwa 100-240V 50/60Hz, hapo kitu cha kubadilisha ni plagi peke yake.

kasarani_reef
Naomba niongeze jambo ambalo watu wa Nairobi tunalisahau, kwa sababu ushauri mwingi wa mtandaoni unaandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Sisi tuko mita kama 1,795 juu. Hewa ni nyepesi, maji yanashika oksijeni kama asilimia 80 tu ya ile yangeshika Mombasa kwa joto lile lile na chumvi ile ile. Maji ya bahari ya nyuzi 25 kule chini yanabeba karibu miligramu 6.7 kwa lita, hapa kama 5.4. Sasa usiku taa zikizimwa matumbawe, samaki na bakteria wote wanatumia oksijeni na hakuna mwani unaoitengeneza, stima ikipotea saa nane usiku unaanza ukiwa tayari uko chini. Kwa hivyo pampu yoyote utakayonunua ielekeze juu kidogo mpaka uso wa maji utetemeke. Uso ukitulia kama kioo hapo hakuna hewa inayoingia ya maana.

binti_wa_shimoni
Salaam ndugu yangu. Mie ni wa pwani na mwamba nimeuona tangu utotoni, maji pale hayaendi upande mmoja, huenda yakarudi, yakapinda, yakatulia kidogo halafu yakaja tena. Tumbawe halina miguu, chakula na oksijeni huletewa na mkondo na uchafu wake huondolewa na mkondo huohuo. Likipigwa upande mmoja mchana kutwa, upande wa pili huchoka. Kwa hiyo chukua pampu yenye kontrola ya mawimbi, kile kifaa cha kubadilisha kasi yake, uielekeze kwenye kioo cha mbele au cha upande mwingine ili maji yagonge na kutawanyika. Hama na tochi nakusihi usizipige moja kwa moja, nyama yake hujikwaruza kwenye mfupa wake wenyewe ikachanika. Ziwe zinayumba taratibu tu.

umoja_nano
Mimi nitapinga kidogo. Kwa hiyo pesa chukua mbili ndogo za AC za hapa hapa, kitu kama Hydor Koralia Nano ya lita 900, moja kila pembe. Mbili ni 1,800, mikondo inagongana katikati na unapata msukosuko bila kontrola. Moja ikikwama usiku nyingine bado inafanya kazi. Kwa matumbawe laini hiyo inatosha kabisa.

mzee_wa_chumvi
@umoja_nano kwa zoa nakubali, na hoja ya mbili kusaidiana ni ya kweli. Lakini hama zikija hana nafasi ya kuongeza, na stima ikienda zote mbili zinalala pamoja.

klauni_wawili
Asanteni sana, hiyo ya kimo sikuwahi kuiwaza. Naona naegemea DC moja. Nikipata pampu ya DC ya Tunze 6040 kwa mkono wa pili je? Na betri naunganisha vipi?

fundi_wa_luthuli
6040 ni nzuri sana kwa saizi yako, inaanzia lita 200 hadi 4,500, utaiendesha chini tu. Ya mkono wa pili fungua uangalie rota na shafti kabla hujatoa pesa, na sumaku ya kushikia kwa kioo isiwe imepasuka ikaonyesha kutu, kutu hiyo itaingia kwa maji.

Betri: hakikisha mtengenezaji anaruhusu pampu kushushwa hadi volti 12, zingine zinakataa. Betri ya 12V 7Ah ni kama watt-saa 84, tumia nusu ili isife mapema, pampu ikivuta wati 5 unapata saa nane. UPS ya kompyuta itafanya kazi lakini inapoteza nguvu nyingi kubadilisha DC kuwa AC halafu adapta irudishe DC. Kama pesa zimeisha nunua kwanza ile pampu ya hewa ya betri inayojiwasha stima ikipotea.

binti_wa_shimoni
Na waya ushuke chini ya soketi kisha upande juu, tone la maji chumvi lidondoke sakafuni lisiingie kwenye soketi. Kila baada ya miezi miwili mitatu toa pampu uiloweke kwenye siki nyeupe iliyochanganywa na maji, chokaa itaachia, uisuuze ndio uirudishe.

klauni_wawili
Nimeelewa. Nimemwandikia binamu sasa hivi, nimemtumia na picha ya kibandiko kinavyotakiwa kusoma. Kesho naenda kuulizia pampu ya hewa ya betri.

kasarani_reef
Safi. Ukiifunga pampu anza na kasi ya chini, uongeze pole pole kwa wiki, mchanga ukianza kuruka rudi nyuma kidogo. Na filta usiitoe.