Dume la miezi 11 limeanza kunisukuma kwa kichwa: naomba ushauri

Mleta mada: Ndugu wafugaji, nawasalimu. Nina dume la ng'ombe wa maziwa la miezi 11, nililolilea peke yake kwa chupa tangu lilipozaliwa. Ni pole na hunifuata kila niendako, lakini siku hizi nikiingia zizini huinamisha kichwa na kunisukuma pajani, na watoto hupenda kulikuna kwenye paji la uso. Nakusudia kulitunza liwe la mbegu. Je, huu ni mchezo tu?

Mchangiaji wa 1: Huo si mchezo, ndugu, anakupima nguvu kama ambavyo angempima dume mwenzake. Dume aliyelelewa peke yake kwa chupa humhesabu binadamu kuwa ng'ombe mwenzake, na ndiyo maana akishapevuka huwa hatari kuliko aliyekulia kundini, hasa akiwa wa aina ya maziwa kama Holstein au Jersey. Wakataze watoto leo hii kumgusa kichwani, kisha mchanganye na ng'ombe wakubwa watakaomtia adabu.

Mchangiaji wa 2: Mzoeshe hatamu sasa ungali unamwezea. Mfunge kila siku kwa muda mfupi kwenye nguzo imara, kwa fundo linalofunguka upesi, kisha mwongoze ukiwa ubavuni, usawa wa bega lake, wala si mbele yake. Pete ya pua avalishwe na daktari wa mifugo, ipite kwenye sehemu laini iliyo mbele ya gegedu, na usimfunge nguzoni kwa pete hiyo, maana akishtuka ataichana pua.

Mleta mada: Ahsanteni. Nitajuaje kwamba amekusudia kunishambulia?

Mchangiaji wa 1: Kwanza hukuonyesha ubavu, mgongo ameukunja na shingo ameitunisha ili aonekane mkubwa, macho yamemtoka, ndipo hukugeukia, akainamisha kichwa na kuparura ardhi kwa kwato. Usingoje hayo ya pili. Ukiona ubavu tu, rudi nyuma polepole huku unamtazama, usimpe mgongo wala usikimbie, hadi uufikie mlango, ambao sharti uwe umeuacha mahali unapoweza kuufikia.

Mchangiaji wa 3: Mimi ningemhasi, kazi hiyo aifanye daktari kwa sindano ya ganzi, au ningemuuza kwa nyama. Mbegu bora hupatikana kwa uhimilishaji, yaani mtaalamu kumpandikizia ng'ombe jike mbegu kwa mrija, tena bila kufuga fahali ambaye tayari amekwisha kukuzoea namna hiyo.